Akaunti ni ya Mama, ufunguo uko kwa kijana wa saiba

Mamangu mkubwa ana miaka 71. Amezaliwa, ameolewa na amezeekea hapa hapa Ndia Kuu. Mwezi uliopita binti yake aliyeko Muscat alijifungua, na Mama akataka kwenda kumlea mzazi angalau hizo siku arubaini. Pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. Tukaona ni jambo dogo: kuingia eCitizen, kujaza fomu, kulipa, kisha kwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Akaunti yake ilifunguliwa miaka minne nyuma katika saiba moja mjini, siku alipokwenda kumtafutia mjukuu wake cheti cha kuzaliwa. Neno la siri hakulijua. Tukaomba jipya, na mfumo ukatujibu kwamba namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu. Tukangoja. Simu ya Mama ilikuwa mkononi mwangu, kimya. Nikatazama tena kioo cha kompyuta. Namba ya simu iliyofichwa kwa nyota nyota ilimalizikia kwa tarakimu ambazo si zake.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nina laini hii moja tangu babako yu hai. Hiyo ni ya nani?"

Ilikuwa ya kijana aliyekuwa akifanya kazi pale saiba, na kijana mwenyewe alikuwa ameshahama Mombasa. Tulizunguka karibu wiki tatu kabla ya kumpata, tena kwa njia ya mamake anayekaa Majengo. Nilipompigia alinipa shikamoo, nikamjibu, nikamweleza. Akacheka. "Bibi wa Ndia Kuu! Namkumbuka sana. Siku ile simu yake ilikuwa haina chaji, nikaweka namba yangu ili kazi isikwame." Papo hapo akanisomea namba ya uthibitisho, tukaingia, tukabadilisha simu na neno la siri.

Kabla ya kukata simu nilimuuliza: watu wangapi wengine aliwawekea namba yake? "Wengi, ami. Siwezi kuwahesabu. Lakini yote yameandikwa kwenye daftari." Na daftari liko wapi? "Nililiacha dukani."

Nilikwenda. Lile duka limeuzwa, na mwenye duka mpya, mtu mpole, alilitoa daftari chini ya meza bila wasiwasi wowote. Jalada limechakaa. Ndani mna safu nne zilizopigwa kwa rula: jina, namba ya kitambulisho, barua pepe, neno la siri. Kurasa kwa kurasa. Nilisoma majina ya watu ninaowaamkia kila asubuhi. Duka lilipouzwa, daftari liliuzwa nalo.

Ndugu msomaji, katika kisa hiki hakuna mwizi. Kijana alikuwa mwaminifu, na mwenye duka mpya hajamdhulumu mtu. Na hilo ndilo linalonitia hofu. Kitambulisho, pasipoti na hati za familia nzima nzima za Mji wa Kale zimesimama juu ya uaminifu wa watu wawili ambao hakuna ofisi iliyowaapisha wala kuwaandikisha, na ambao hakuna anayewakagua. Siku akija wa tatu asiye mwaminifu, hatutakuwa na pa kushika.

Mgala muue na haki umpe. Kuhamishia huduma za serikali mtandaoni ni jambo jema, na sisi wa Pwani tuna sababu ya kulipenda kuliko wengi. Jamii zetu zimelalamika miaka mingi juu ya mzigo wa kutafuta kitambulisho: kuitishwa hati za baba na babu, kuhojiwa, kuambiwa "rudi kesho" mpaka kesho zikawa miezi. Pasipoti nayo, zamani, ilikuwa na madalali wake nje ya mlango. eCitizen ilipoanza mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya vituo vya kwanza vya Huduma Centre kufunguliwa, ahadi ilikuwa kwamba raia atajaza fomu yake mwenyewe, atalipa bila kumpa mtu pesa mkononi, na atapata risiti. Kwa anayejua kuitumia, ahadi hiyo kwa sehemu kubwa imetimia.

Kisha ikaja kasi. Juni 2023 serikali ilizindua mpango ulioingiza zaidi ya huduma 5,000 katika eCitizen, na malipo yakaelekezwa kwenye namba moja, 222222. Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA ikachukua nafasi ya NHIF, na watu wazima wakatakiwa kujisajili upya, ama kwa simu ama kwa kompyuta. Marejesho ya kodi hujazwa mtandaoni kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, hata na yule ambaye hakupata senti moja. Kwa muda mfupi, kuwa na akaunti kumekuwa sehemu ya kuwa raia. Swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ni hili: asiyeweza kujifanyia mwenyewe, nani atamfanyia, na kwa masharti gani?

Jibu la swali hilo Kenya ilikwisha kulipata, na si muda mrefu nyuma. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, watu wengi walidhani kilichowashinda wenzetu wa benki kimeshindwa kwa sababu ya mitambo. Sivyo. Simu ilikuwa sehemu moja tu ya jambo lile. Sehemu ya pili ilikuwa mtu: wakala aliye dukani, mtaani, unayemjua kwa sura. Bibi asiyejua kusoma ujumbe aliweza kwenda pale na kuulizia. Lakini tazama wakala yule aliwekewa mipaka gani. Alikuwa na namba yake ya uwakala iliyobandikwa ukutani. Alikuuliza kitambulisho. Alikuwa na daftari, ndiyo, lakini la kuandika muamala na kutia sahihi, si la kuandika siri yako. Ujumbe ulifika simu yako na simu yake kwa pamoja. Zaidi ya yote, namba ya siri uliibonyeza wewe mwenyewe, kwenye simu yako mwenyewe. Wakala hakuihitaji kwa kazi yoyote, na akikuuliza ulijua mara moja kwamba huyo ni tapeli. Baadaye, mwaka 2014, kanuni za mifumo ya malipo zikaja kuweka uwakala ndani ya sheria.

Sisemi M-Pesa haina wizi. Matapeli wapo, na kila mmoja wetu amewahi kupigiwa na "afisa" anayedai ametuma pesa kwa makosa. Ninachosema ni kwamba somo la kwamba siri ni yako peke yako liliingia mpaka kwa watu wazima wa mtaani kwetu. Mama mkubwa hatakupa namba yake ya siri ya M-Pesa hata ukimlilia. Lakini neno la siri la eCitizen, linalofungua pasipoti yake na vyeti vya wajukuu, aliliacha kwa kijana wa saiba bila hata kujua kwamba ameacha kitu.

Tofauti yake ni nini? M-Pesa ilikuja na wakala, na wakala alikuja na kanuni. eCitizen ilikuja bila wakala. Wenye haja walikuwa wengi mno, na saiba zikaziba pengo. Serikali ikapata kaunta maelfu nchi nzima bila kulipa kodi ya nyumba wala mshahara, na kwa sababu hakuzianzisha yeye mkubwa, hakuna aliyejisikia ana wajibu wa kuzisimamia.

Najua vijana watakaosoma hapa watasema: wazee wafundishwe watumie wenyewe, mambo yaishe. Kauli hiyo ina haki yake, na kila mwenye mzazi amfundishe. Lakini haimalizi jambo. Mama mkubwa si mtu asiyejua kusoma. Ana msahafu wake, na barua za marehemu mumewe, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, anazisoma bila kusita. Ukimpa fomu ya kompyuta yenye maneno ya Kiingereza cha kiofisi na muda unaohesabika kurudi nyuma, elimu yake yote inakuwa si kitu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Huduma inayomlazimu mtu wa Ndia Kuu kukodi mkalimani ili aombe haki yake haijalifikia bado neno hilo "rasmi".

Wala wasidhani ni shida ya wazee tu. Mchukue msichana wa Kisauni anayekwenda kufanya kazi Saudia. Barua pepe yake amefunguliwa na mtu wa kumtafutia safari, na neno la siri analijua mtu huyo. Huko anakokwenda, barua pepe ile ndiyo itakayobeba nakala ya pasipoti, mkataba na tiketi. Ikitokea ugomvi, yeye yuko nyumba ya watu nje ya mji asioujua, na ufunguo wa karatasi zake uko Mombasa kwa mtu ambaye maslahi yake si yake. Au mchukue kijana aliyefunguliwa namba ya kodi ya KRA saiba ili aombe kazi. Kazi hakuipata, akasahau. Akaunti iko kwenye barua pepe asiyoijua, ilani zinaingia humo, na faini ya kutojaza marejesho kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Miaka ikipita, atajua siku atakapohitaji cheti cha kutodaiwa kodi.

Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan lilishambulia eCitizen na huduma zikatatizika kwa siku kadhaa. Nchi nzima ilizungumza. Serikali ililazimika kusema kwamba wageni waliokuwa wakihitaji viza ya mtandaoni wangepewa wakishafika. Ilikuwa sawa kuzungumza, maana mlango mkuu ulikuwa umegongwa. Lakini daftari nililoliona chini ya ile meza halihitaji kundi la wadukuzi. Linahitaji mtu wa kufungua ukurasa.

Je, sheria haipo? Ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka anayekusanya habari zako akueleze anazikusanya kwa nini, azilinde, na asikae nazo kupita haja yake. Tuna ofisi nzima ya Kamishna wa Data. Lakini kanuni za usajili za mwaka 2021 kwa kawaida zinamwondolea lazima ya kujisajili mwenye biashara ndogo, yule ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na wafanyakazi wake hawafiki 10. Ilikuwa huruma kwa wenye maduka madogo, na mimi naiunga mkono. Ila matokeo yake ni kwamba saiba ya vyumba viwili haimo kwenye orodha yoyote. Wajibu wa kulinda data bado unaishika; jicho la kuitazama ndilo lisilofika.

Na tusimtupie mawe kijana wa saiba. Huyu anafungua duka saa mbili asubuhi, analipa stima, karatasi na intaneti, na kwa shilingi chache anamfanyia mtu kazi ambayo ofisi yenye walinzi ilishindwa kumfanyia. Mara nyingi ndiye pekee anayemwambia bibi, "Keti, nyanya, nitakusomea." Ukimuuliza kwa nini anaandika maneno ya siri, jibu lake ni la haki: wateja husahau, kisha hurudi kumlaumu. Anaweka daftari kwa sababu hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Kumfukuza ni kumfunga mtu kamba mbili, maana mzee ataachwa bila msaidizi na kijana bila riziki.

Kwa hiyo nasema hivi: tumfanye kijana wa saiba kuwa kama wakala wa M-Pesa. Aandikishwe bure. Apewe namba ya kubandika ukutani. Mfumo wenyewe wa eCitizen umruhusu aingie kwa akaunti ya msaidizi, ajaze fomu kwa niaba ya mteja, na kazi isikamilike mpaka mteja athibitishe kwa simu yake mwenyewe, na ujumbe umfikie ukitaja kazi iliyofanywa na namba ya aliyeifanya. Hapo msaidizi hatahitaji neno la siri la mtu, na daftari litakufa lenyewe. Mambo haya hayahitaji ufundi mpya. Kila duka la M-Pesa kutoka Makadara hadi Kibokoni limekuwa likifanya kitu cha namna hiyo kwa miaka.

Pesa zitatoka wapi? Huduma nyingi za eCitizen huongezewa ada ya shilingi 50 juu ya bei ya huduma yenyewe. Raia anailipa hata akijifanyia kila kitu mwenyewe. Sehemu ya shilingi hizo, hata kumi tu, ikienda kwa msaidizi aliyeandikishwa, basi asiyejua hatalipa mara mbili: mara moja kwa mfumo na mara ya pili kwa anayemfungulia mfumo.

La pili ni mahali. Serikali imeahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi nchini. Wadi yetu ya Mji wa Kale/Makadara haina haja ya kungoja jengo jipya lenye utepe wa kukatwa. Zipo madrasa zinazokaa tupu asubuhi, zipo kumbi za mtaa, na wapo vijana wa chuo wanaokaa barazani wakibonyeza simu kutwa. Meza moja, kompyuta mbili, asubuhi mbili kwa wiki, na mtu anayezungumza Kiswahili cha watu. Wawakilishi wetu wa kaunti, ambao husambaza mabango kila msimu wa kura, wana hapa kazi ndogo inayoonekana kwa macho.

La tatu ni letu wenyewe, na halingojei mtu. Ijumaa hii, baada ya chakula, kaa na mamako, au bibi yako, au shangazi. Ingia kwenye akaunti zake moja moja. Tazama namba ya simu iliyomo ni ya nani, na barua pepe ni ya nani. Kama si zake, badilisha maadamu aliyezifungua bado anapatikana. Maneno ya siri yaandikwe kwenye karatasi moja, yakae naye pale anapoweka hati ya nyumba. Watu wa usalama wa mitandao watanicheka kwa kusema karatasi. Lakini karatasi iliyo ndani ya kasha la Mama ni salama mara mia kuliko daftari lililo chini ya meza ya mtu. Na mkienda saiba, nendeni na simu yenye chaji na laini ya mwenye akaunti. Kisa chetu chote kilianzia kwenye betri iliyokwisha.

Zamani, wazee wanatuhadithia, asiyejua kuandika alikwenda kwa mwandishi wa barua. Alimwambia maneno yake, mwandishi akaandika, akamsomea, akakunja, akampa. Aliyeandikiwa aliondoka na barua yake mkononi. Mwandishi huenda alijua siri za nusu ya mji, lakini barua hakubaki nayo. Kijana wa saiba ndiye mwandishi wetu wa barua wa leo, na kazi yake ni ya heshima ile ile. Tunachotaka ni kwamba mtu akitoka dukani, barua yake atoke nayo.

Pasipoti ya Mama bado haijatoka. Mtoto wa Muscat ameshatimiza arubaini. Mama amemwona kwa simu, akamsomea dua kwenye kioo, kisha akanigeukia akaniuliza kuhusu lile daftari. Nilimwambia mwenye duka amekubali kulichoma, nami nilisimama pale likiungua. Akanyamaza kidogo. "La duka hilo," akasema. "Na la duka la pili?"